Nimeimba ukweli wote wa nyumbani na hakuna aliyeguswa. Nimekosea wapi?

"Nina bendi ya watu wanne na mimi ndiye mtunzi. Mwaka mzima sasa nasikiliza bendi ya Marekani, The Mountain Goats, hasa wimbo wa This Year. Mpiga besi wetu aliniambia siri za bendi ile ni mbili tu: mtunzi na mwimbaji wao, John Darnielle, anaimba maisha yake mwenyewe bila kuficha, na anarekodi kwa redio kaseti mbovu. Nikafuata. Nikaandika nyimbo tano kuhusu ndoa ya wazazi wangu ilivyovunjika, kila kitu kama kilivyotokea, nikazirekodi kwa simu makusudi ili zisisikike safi sana. Wenzangu walisikiliza mpaka mwisho wakasema 'sawa'. Mama aliusikia mmoja, na hii ni wiki ya tatu hanijibu vizuri. Mimi mwenyewe kila nikiuimba ule wa tatu kifua kinabana na usiku silali. Nimekosea wapi? Je, hadithi ya wimbo ikiwa ya kubuni si uongo? Na kama nataka kujifunza kwa bendi hii, nianzie wapi?"

Pole kwanza kwa wiki hizo tatu. Kununiwa na mama kunauma kuliko kuzomewa na ukumbi mzima, na wenzako wakisema "sawa" baada ya nyimbo tano, hiyo "sawa" ina ukakasi wake. Umeuliza maswali matatu, ila nikiisoma barua yako tena nasikia wasiwasi mmoja: umetoa kitu cha ndani kabisa, ukakitoa kwa uaminifu, na hakikupokewa. Sasa unajiuliza kama ukweli wako hautoshi. Unatosha sana. Kilichokosekana ni mtu wa kuusema.

Nitaeleza maana ya hilo, lakini nianze na mpiga besi wenu. Nusu ya aliyokuambia ni kweli, na ndiyo nusu iliyokupoteza.

Ni kweli kwamba The Sunset Tree, albamu ya mwaka 2005 yenye wimbo wa This Year, inahusu nyumba aliyokulia Darnielle huko California, na baba wa kambo aliyekuwa mwepesi wa kuinua mkono. Hilo halina ubishi. Ambalo rafiki yako hakukuambia ni kwamba albamu hiyo ilichelewa sana kuja. Bendi ilianza mwaka 1991. Wakati huo Darnielle alikuwa muuguzi katika hospitali ya wagonjwa wa akili mjini Norwalk, California. Akitoka zamu anachukua gitaa na mashairi yake, anabonyeza kitufe cha kurekodi kwenye redio kaseti ya Panasonic, na anaimba. Kaseti ya kwanza, Taboo VI: The Homecoming, ilitolewa mwaka huohuo na Shrimper, lebo ndogo ya California. Hiyo ndiyo maana ya awali ya muziki unaoitwa indi: lebo inajitegemea, haimilikiwi na kampuni kubwa, na msanii haambiwi wimbo gani utauza. Jina lilikuwa la bendi, lakini kwa miaka mingi bendi yenyewe ilikuwa mtu mmoja, pengine wawili, Rachel Ware akiwa kwenye besi.

Kutoka 1991 mpaka The Sunset Tree ni miaka 14. Jiulize: katika miaka hiyo 14 alikuwa akiimba maisha ya nani?

Kwa sehemu kubwa, ya watu wasiokuwepo. Katika albamu ya Zopilote Machine ya mwaka 1994 kuna wimbo ambao jina lake linamtaja Quetzalcoatl, mungu wa Waazteki, akila plamu. (Sijawahi kukutana na mtu aliyedai huo ni wasifu wa mtunzi.) Kuna mlolongo mrefu wa nyimbo ambazo majina yao huanza na maneno ya kwenda mahali, kwenda Georgia, kwenda Cleveland, kwenda Bolivia, na ndani yake mna watu wanaodhani wakihama mji watayaacha nyuma yale wanayoyabeba kifuani. Tena wapo mume na mke wasio na majina, ambao mashabiki huwaita wanandoa wa Alpha kwa sababu neno hilo linajirudia katika majina ya nyimbo zao. Walianza kuonekana mapema miaka ya 1990, wimbo mmoja kwenye kaseti hii, mwingine kwenye santuri ile, wakipendana, wakinywa na kuchokana, mpaka mwaka 2002 walipopewa albamu nzima iitwayo Tallahassee. Aliwaingiza kwenye nyumba moja katika mji huo wa Florida, akawaachia pombe imalize kazi.

Mwaka 2004 ikaja We Shall All Be Healed, kuhusu vijana watumiaji wa dawa za kulevya aliowahi kuishi nao Portland, Oregon. Hapo ndipo alipoanza kuwasogelea watu wa kweli kwa albamu nzima. Mwaka uliofuata ndipo akagusa nyumbani.

Umeona mpangilio? Alifanya mazoezi ya zaidi ya miaka 10 kwa watu wa kubuni, kisha akawasogelea marafiki, ndipo akaja kwa mama, baba wa kambo na mtoto aliyekuwa yeye. Wewe umeanzia kwenye chumba cha mwisho. Si dhambi, wapo wanaoanzia huko wakafika salama, lakini ni kama mtu kujifunzia kisu kwa kukata kidole chake mwenyewe.

Hayo hayamaanishi kwamba wale watu wa kubuni hawakuwa na chochote chake. Kila mwamba ngoma ngozi huvutia kwake. Sikiliza Beat the Champ ya mwaka 2015, albamu nzima kuhusu wacheza mieleka. Ukifika kwenye wimbo wa Chavo Guerrero, mwanamieleka ambaye Darnielle alimshangilia utotoni mbele ya televisheni, unakuta baba wa kambo kajitokeza tena, maana mtoto analinganisha: nani aliniangusha, na nani hakuniangusha hata siku moja. Ukweli una tabia ya kupita mlango wa nyuma, hata mlango wa mbele ukiwa wazi.

Sasa tuje kwenye yule mtu wa kuusema.

Walimu wa fasihi wana neno linalofaa hapa: nafsineni, yaani yule anayenena ndani ya shairi, ambaye si lazima awe mshairi. Mtunzi ni wewe, unayelipa bili na kusahau funguo. Nafsineni ni mtu mwenye umri wake, saa yake, mahali aliposimama, kitu alichoshika mkononi, na, hapa ndipo penye kazi, mambo asiyoyajua. Wewe leo unajua ndoa ya wazazi wako iliishaje. Nafsineni wako hapaswi kujua. Ukimmiminia kila ulichonacho anageuka msoma taarifa ya habari, na taarifa ikishasomwa watu husema "sawa", wakaenda kula.

Tazama Darnielle anavyofanya katika wimbo wa Dance Music, kwenye albamu ileile ya 2005. Haufiki dakika mbili. Anayenena ni mtoto wa miaka mitano, au sita, mwenyewe hana hakika. Wako San Luis Obispo, na barabara imetajwa kwa jina. Sebuleni televisheni inaonyesha Watergate, yale mahojiano ya Seneti ya Marekani ya mwaka 1973 kuhusu kashfa ya Rais Nixon. Baba wa kambo anamfokea mama, kisha glasi inaruka moja kwa moja kuelekea kichwani kwa mama. Mtoto anakimbilia ghorofani, anainamia kicheza santuri chake kidogo kilichowekwa sakafuni, na hapo ndipo anapogundua kitufe cha kuongeza sauti kiliwekwa kwa kazi gani.

Basi, imetosha. Hajasema aliogopa, wala hajatueleza huyo baba alikuwa na matatizo gani, au mama alijisikiaje. Mtoto wa miaka sita hana maneno ya kueleza hayo. Anachoweza ni kuongeza sauti. Ubeti wa pili unaruka miaka mingi, mtoto amekuwa kijana mwenye balaa lake, na muziki bado anautumia kwa kazi ileile. Na melodi ya kubebea hayo yote ni ya kuchezeka, inarukaruka kama watoto wakati wa mapumziko. Ingekuwa ya huzuni, msikilizaji angeambiwa mapema ahuzunike, na angejikinga. Ikiwa ya furaha, unajikuta unatingisha kichwa, ndipo ile glasi inakupata.

Hila hiyo ameitumia hata zaidi kwa wale wanandoa wa Tallahassee. Wimbo wa No Children ni dua mbaya kutoka mwanzo hadi mwisho: mwenye kunena anaomba kila kilichoharibika kizidi kuharibika, na yeye na mwenziwe waangamie pamoja. Piano iliyo chini yake ingeweza kupigwa harusini. Kwenye maonyesho ukumbi mzima huimba kiitikio kwa nguvu zote huku wakicheka, na mwaka 2021, karibu miaka 20 baada ya kutoka, wimbo ulisambaa upya miongoni mwa vijana wa TikTok ambao wengine walikuwa hawajazaliwa uliporekodiwa.

Turudi kwa This Year, kwa kuwa ndio uliokuvuta. Kijana wa miaka 17, Jumamosi asubuhi, anaendesha gari kwa kasi, anacheza michezo ya mashine, anakunywa, yuko na msichana aitwaye Cathy. Kiitikio ni kiapo kwamba atauvuka mwaka huu, hata ukimuua. Ubeti wa mwisho unamrudisha nyumbani, gari linaingia uani likilia. Hapo wimbo unasema tu kwamba mambo yaliisha vibaya, kama unavyoweza kukisia, kwa hasira na hofu. Kipigo hatukioni. Mlango unafungwa mbele yetu, tunaachwa nje tukisikiliza, na kiitikio kinaporudi kina uzito mwingine kabisa ingawa hakuna neno lililobadilika. Wewe umesema uliandika "kila kitu kama kilivyotokea". Nina hakika mlango wako uliuacha wazi.

Sijazisikia nyimbo zako, kwa hiyo siwezi kukurekebishia mishororo. Ila naweza kukuonyesha ninachomaanisha kwa mfano wa kubuni. Ndoa imevunjika, mmoja anahama. Badala ya mtoto wa nyumba hiyo, mpe wimbo mbeba mizigo aliyeitwa kuhamisha kabati:

Kabati lilielemea upande mmoja,
nikamwambia mwenzangu, "Shika vizuri, zimebaki nguo za mtu mmoja."
Mwenye kabati akasema, "Mlango ule mwingine haufunguki."
Sikuuliza.

Si ushairi wa kushinda tuzo, najua. Lakini angalia: hakuna neno "ndoa", hakuna neno "talaka", hakuna aliyelaumiwa. Mbeba mizigo hajui chochote, wewe msikilizaji unajua zaidi yake, na hiyo tofauti ndiyo inayouma. Kama kuna kabati la kweli katika nyumba yenu, au birika, au kiti ambacho hakuna aliyetaka kukikalia tena, hicho ndicho kitu chako. Tafuta kitu kabla ya kutafuta hisia.

Hapo swali lako la pili linajijibu kwa sehemu. Kubuni si kudanganya, maadamu huwaambii watu kwamba ni wasifu. All Hail West Texas ya mwaka 2002 inafunguliwa na wimbo wa vijana wawili, Jeff na Cyrus, wa mji wa Denton, Texas, wanaoanzisha bendi ya death metal, roki nzito ya kunguruma. Wamebishana kwa wiki kadhaa kuhusu jina wakabaki na matatu. Wamechora nyota za pembe tano kwenye ngoma na magitaa. Kisha Cyrus anapelekwa shule ya bweni ya kumnyoosha, anaambiwa hatakuwa maarufu kamwe, naye Jeff anamwandikia barua za kupanga kisasi. Hakuna anayeamini Darnielle ndiye Jeff au ndiye Cyrus. Kila mtu anawaamini Jeff na Cyrus. Ni yale majina matatu yaliyobishaniwa kwa wiki yanayowafanya wawe hai, kwani wewe na wenzako bila shaka mlibishana hivyohivyo.

Lakini usidhani kubuni kunakupa ruhusa ya kila kitu. Going to Georgia, wimbo wa 1994 ambao mashabiki wa zamani waliupenda mno, una mwanamume anayefika mlangoni kwa mwanamke akiwa na bastola, na mwanamke anatabasamu akiichukua mkononi mwake. Wimbo unasherehekea. Darnielle kadiri alivyokua aliuchukia, akasema hadharani hapendi unavyoupamba utisho wa mwanamume huyo, na kwa miaka mingi amekuwa akigoma kuuimba watu wakiuomba. Mimi nakubaliana naye, ingawa melodi yake bado inanikamata. Nafsineni anaweza kuwa mtu mbaya. Mtunzi anapaswa kujua kwamba ni mbaya. Hapo kijana yule mtunzi hakujua bado.

Kuhusu redio kaseti, hapa mpiga besi wenu ametoka nje ya njia kabisa. Mashine ile ilikuwa na maikrofoni ya ndani, na mota inayozungusha kaseti iko palepale jirani, kwa hiyo maikrofoni ilisikia kila kitu: sauti, gitaa, na mashine yenyewe ikisaga. Mngurumo ule unaousikia chini ya nyimbo za zamani ni huo. Hakuutafuta. Ndicho kifaa alichokuwa nacho, na desturi yake ilikuwa kurekodi wimbo ukiwa bado wa moto, mara nyingi siku ileile ulipoandikwa. Mngurumo ulikuwa gharama ya haraka. Unachokipenda bila kujua ni ile haraka: mtu anaimba kana kwamba wimbo utatoroka asipouwahi.

Lebo ya 4AD ya Uingereza ilipomfungulia studio kwa ajili ya Tallahassee, aliingia studio, Peter Hughes akiwa kwenye besi na Tony Doogan akisimamia urekodi, na redio kaseti ikapumzika. Miaka iliyofuata bendi ilinenepa: Jon Wurster kwenye dramu, baadaye Matt Douglas kwenye saksafoni na ala nyingine. Albamu ya Goths ya mwaka 2017 haina gitaa hata kidogo. Kisha ikaja 2020, maradhi yakafunga kumbi za dunia, ziara zikafutwa, wanamuziki na mafundi wa bendi wakakosa kipato. Darnielle akaitoa Panasonic yake, akarekodi peke yake Songs for Pierre Chuvin, ikauzwa kwa kaseti ili kuwasaidia wenzake. Ubovu wa sauti ulirudi kwa kuwa ulihitajika tena.

Simu yako, kwa upande mwingine, imeundwa kufanya kinyume cha mashine ile. Programu nyingi za simu hufyeka mngurumo wa nyuma na kusawazisha sauti kubwa na ndogo, zikidhani unapiga soga. Kwa hiyo umepata rekodi isiyo safi wala chafu, iliyofinyangwa tu. Ukitaka haraka ya Darnielle, iige haraka yenyewe: andika asubuhi, rekodi kabla ya kulala, usirudie zaidi ya mara tatu. Ukiwa na kifaa kizuri, kitumie bila aibu.

Sasa mama.

Hapa naomba tusiwe wepesi. Baba wa kambo wa Darnielle alikuwa ameshafariki The Sunset Tree ilipotoka. Wimbo wa mwisho wa albamu, Pale Green Things, unataja simu ya dada yake usiku wa manane ikileta habari kwamba yule mzee hatimaye amekufa, na neno hilo, hatimaye, limebeba miaka yote. Lakini kinachomjia mwimbaji si kipigo. Ni asubuhi moja ambapo mzee alimchukua kwenye uwanja wa mbio za farasi, wakatazama farasi wakifanyishwa mazoezi, na vijani vya kijani hafifu vilikuwa vikichomoza kwenye nyufa za lami. Albamu nzima imekupa sababu za kumchukia mtu yule, kisha inakuacha na vijani. Nauliza kwa upole: katika nyimbo zako tano, wazazi wako wana vijani vyao? Kama hawana, mama amesikia mashtaka, na mshtakiwa yu hai, na hakuitwa kujitetea.

Njia unazo kadhaa na kila moja ina gharama. Unaweza kuziweka kabatini nyimbo hizo. Utapumzika, ila huenda ukaanza kumnung'unikia mama kimyakimya kwa wimbo aliokunyima. Unaweza kuziimba kama zilivyo, kwani ni maisha yako pia na una haki nayo. Lakini jua kwamba haki hiyo hairudishi mazungumzo ya mezani. Au unaweza kubadilisha nafsineni, ukabakisha kitu na kuondoa watu. Mimi naegemea hapo, na si kwa sababu ni salama zaidi. Nyimbo zitakuwa bora. Lakini hata ukichagua hiyo, mtafute mama kwanza, ana kwa ana, bila gitaa. Usimwombe ruhusa na usimweleze sanaa. Muulize alisikia nini. Huenda kilichomuudhi ni kitu kidogo ambacho wewe hukukitilia maanani, kwa mfano tarehe uliyoikosea. Na kama katika wimbo wowote umemtaja mtu aliye hai kwa jina, ukamtuhumu kwa jambo zito, usiuachie kabla ya kuzungumza na mwanasheria.

Kifua kubana na kukosa usingizi ni jambo jingine, na silichanganyi na ufundi. Wengi husema kuimba ni kujitibu. Kuimba kunasaidia, sikatai, lakini kurudia tukio la maumivu kila juma mbele ya watu, kwa ufasaha, bila mtu wa kukushika mkono, wakati mwingine hukifanya kidonda kibaki wazi. Darnielle aliwahi kuwa muuguzi wa wagonjwa wa akili na bado alingoja miaka 14. Uache wimbo wa tatu kwa sasa. Kifua kinachobana kionwe na daktari kwanza, usikidhanie tu kuwa ni hisia. Usingizi ukiendelea kukukimbia, au picha za zamani zikikujia bila kuitwa, au ukijikuta unatamani usiwepo, nenda kaonane na mshauri nasaha au mtaalamu wa afya ya akili uso kwa uso, na kama ni hilo la mwisho nenda leo, usiende peke yako. Waambie wenzako kwa nini wimbo umetoka kwenye orodha. Labda ile "sawa" yao ilikuwa ni watu watatu waliokuona unatetemeka wakashindwa waseme nini.

Swali la tatu ndilo jepesi. Anza na All Hail West Texas, yenye mngurumo wote na watu wote wa kubuni, iliyoandikwa jaladani kwamba ni nyimbo 14 kuhusu watu saba, nyumba mbili, pikipiki moja na kituo cha matibabu chenye milango iliyofungwa kwa ajili ya wavulana balehe. Sikiliza mara mbili, ya kwanza bila kusoma maneno. Kisha Tallahassee, usikie kitu kilekile kikivaa nguo za studio. Kisha ndipo urudi The Sunset Tree, na nadhani This Year utausikia tofauti. Nyingine zinaweza kusubiri, isipokuwa moja. Katika wale watu saba wa Texas yumo Jenny, mwanamke anayefika na pikipiki mpya ya Kawasaki. Baada ya 2002 Darnielle alimgusia kidogo tu. Mwaka 2023 alitoa albamu nzima, Jenny from Thebes, kurudi kuulizia ile nyumba ya Jenny, nani walilala humo, na pikipiki iliishia wapi.